Ritifaa ya Murang'a: kukinga herufi maalumu katika maandishi na baiti

Waliopitia imla shuleni watakumbuka sauti ya mwalimu akisoma polepole huku akizunguka kati ya madawati: "Baba amerudi kutoka sokoni, nukta. Mama amefurahi, koma, lakini watoto wamelala, nukta." Hakuna aliyeandika neno "nukta" daftarini. Uliweka kitone, ukasubiri sentensi inayofuata. Nukta na koma yalikuwa maneno yaliyotengwa na wenzake: ukiyasikia huandiki, unatenda.

Sasa mwalimu afike kwenye sentensi hii: "Mchoraji aliweka nukta nyekundu ukutani." Nusu ya darasa itaandika "Mchoraji aliweka." kisha itaanza sentensi mpya kwa "Nyekundu ukutani". Mwalimu mzoefu analijua tatizo hilo, kwa hiyo anasema, "Mchoraji aliweka, neno nukta, nyekundu ukutani." Lile "neno" analolitanguliza linawaambia watoto kwamba kinachofuata kiandikwe kama kilivyo.

Lakini hapo limezaliwa tatizo la pili. "Neno" lenyewe limekuwa amri. Likitokea ndani ya hadithi, litaandikwaje? Jibu ni kulikinga kwa lenyewe: "neno neno". Na mwalimu akisema "neno neno nukta", mtoto anayesoma kutoka kushoto, hatua kwa hatua, ataelewa: la kwanza linalikinga la pili, basi anaandika "neno"; nukta iliyobaki haina kinga, basi anaweka kitone. Akitaka yaandikwe maneno yote mawili, "neno nukta", itambidi atamke "neno neno neno nukta".

Aliyeielewa aya hiyo ya mwisho ameelewa kiini cha jambo hili lote. Kwa mwanaprogramu, "nukta" ya imla ni kila herufi ambayo lugha ya programu imeipa mamlaka, na "neno" ni alama inayoivua mamlaka hayo kwa mara moja. Wengi wetu kazini husema "kueskepu". Humu nitasema kukinga, kwa sababu ndicho kinachotendeka: herufi inakingwa isitekelezwe kama amri.

Alama yetu, alama yao

Sisi wa Kiswahili tunakutana na jambo hili mapema kuliko wengi, na sababu ni ritifaa. "Ngoa" ni wivu. "Ng'oa" ni kutoa kitu na mizizi yake. Kinachoyatenganisha ni kijialama kimoja. Na ukikitazama vizuri, hicho nacho ni kinga: kinakwambia usizisome n na g kama ulivyozoea katika "ngoma", uzisome kwa sauti nyingine. Yetu inakuja baada ya herufi inazozigusa, ilhali nyingi za kompyuta hutangulia.

Tatizo ni kwamba alama hiyohiyo ya kwenye kibodi ndiyo lugha nyingi za programu huitumia kufungua na kufunga maandishi. Chukua orodha ya kaunti 47 za Kenya, uitafute kila moja kwenye hifadhidata kwa kubandika jina lake katikati ya amri. Kaunti 46 zitapita bila kelele. Ya Murang'a itakwama:

SELECT * FROM wakazi WHERE kaunti = 'Murang'a';

Hifadhidata inaona alama ya kufungua, inasoma Murang, inaona alama ya kufunga. Kwake maandishi yamekwisha hapo. Kisha inakutana na herufi a isiyojua ni ya nini, na baada yake alama nyingine inayofungua maandishi yasiyo na mwisho. Inakataa. Ndivyo ilivyo pia kwa Lang'ata, kwa Ng'ambo ya Unguja, kwa kina Ng'ang'a wote, na kwa majina mengi ya Kisukuma yanayoanza na Ng'w.

Njia ya mkato ambayo nimeiona mara nyingi ni kuifuta ritifaa: mfumo unamwandikisha mtu kama "Nganga", mambo yanasonga. Naipinga kwa nguvu zote. Huyo ni mtu, na hilo ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Siku atakapoambiwa kwamba cheti chake na kitambulisho chake havilingani, ni yeye atakayepanda basi kwenda kuhangaika kwenye foleni, wala si mwanaprogramu aliyeona uvivu wa kuikinga herufi moja.

Kinga ya SQL, lugha ya kuamuru hifadhidata kama ile amri ya hapo juu, ni kuirudia alama yenyewe: 'Murang''a'. Mbili zikifuatana ndani ya maandishi husomwa kama moja. Ni ile "neno neno" ya darasani.

Mkwaju nyuma ulikotoka

Kwenye lugha nyingine nyingi, kazi ya "neno" hufanywa na mkwaju nyuma, yaani \. Alama hii haina historia ndefu katika uandishi wa binadamu. Bob Bemer, aliyekuwa IBM, ndiye aliyeipigania iingie kwenye jedwali la herufi la ASCII, mwaka 1961, na haja yake haikuwa kinga kabisa. Lugha ya ALGOL ilikuwa na alama za kimantiki za "na" na "au", na Bemer aliona kwamba ukiwa na mikwaju miwili, mmoja ulioinama huku na mwingine kule, unaweza kuziunda: /\ na \/. ASCII ilichapishwa mwaka 1963 ikiwa nayo ndani.

Bemer huyohuyo ndiye aliyependekeza herufi ya ESC, namba 27 katika jedwali, ambayo jina lake ndilo lililotuachia neno tunalolitumia kazini. Wazo lake lilikuwa pana kuliko la leo. Jedwali moja halitoshi lugha zote za dunia, kwa hiyo pawe na herufi moja ya kusema: "Hapa tunatoka nje ya jedwali hili, tunaingia jingine." Wajapani waliitumia hivyo kwa miaka mingi katika barua pepe zao: ESC ikifuatwa na herufi mbili iliwaingiza kwenye kanji, herufi zao zenye asili ya Kichina, na ESC nyingine ikawarudisha.

Kwa nini basi mkwaju nyuma ukapewa kazi ya kinga? Hapo awali haukuwa nayo. Katika lugha ya B, aliyoiunda Ken Thompson kwenye maabara ya Bell, kinga ilikuwa nyota: *n ilimaanisha mstari mpya, na nyota yenyewe iliandikwa **. Dennis Ritchie alipoikuza B ikawa C mwanzoni mwa miaka ya 1970, nyota ilibadilishwa kuwa mkwaju nyuma, na kwa kuwa C ilizaa au kuathiri karibu kila lugha tunayoitumia leo, \n ikasambaa dunia nzima.

Kuna jambo ndani ya \n ambalo Thompson alilionyesha katika hotuba yake ya tuzo ya Turing, iliyochapishwa mwaka 1984, na ambalo bado linanisisimua. Kompaila ya C, yaani programu inayoitafsiri C iwe lugha ya mashine, imeandikwa kwa C. Ndani yake, mahali panapozishughulikia kinga, imeandikwa kwamba ukikuta mkwaju nyuma kisha n, rudisha '\n'. Umeona? Namba 10, ambayo ndiyo mstari mpya katika ASCII, haijaandikwa popote. Kompaila inajua \n ni nini kwa sababu kompaila iliyoitafsiri ilijua, na hiyo nayo iliambiwa na iliyoitangulia, mpaka kwa ile ya mwanzo ambayo mtu aliiandikia namba kwa mkono. Ukitaka kuongeza kinga mpya, tuseme \v, lazima kwanza uandike namba 11, uitafsiri kompaila, halafu ndipo uifute namba na kuandika '\v' mahali pake. Maarifa yanarithiwa, na chanzo chake kinafutika.

Urithi huu una mtego wake kwetu. Mwaka 1983 toleo la 2.0 la MS-DOS, mfumo endeshi wa kompyuta, lilileta folda, na kwa kuwa mkwaju wa kawaida ulikuwa tayari unatumika kutenga chaguo za amri, folda zikatengwa kwa mkwaju nyuma. Sasa fikiria mwanaprogramu wa Python anayeandika anwani ya faili zake kwa Kiswahili:

"C:\nyaraka\taarifa\barua"

Mkwaju nyuma na n: mstari mpya. Na t: tabo. Na b: kurudi nyuma herufi moja. Zilizobaki ni "yaraka", "aarifa" na "arua", na faili haipatikani. Folda ikiitwa ushuru ni balaa zaidi, kwa sababu \u inasubiri tarakimu nne za mfumo wa kumi na sita, na "shur" sizo. Programu inakataa hata kuanza. Katika Java hali ni ngumu kiasi kwamba hata ukiandika C:\ushuru ndani ya maelezo tu, sehemu ambayo kompaila inapaswa kuipuuza, bado itakataa, kwa kuwa Java huzisoma kinga za \u kabla ya kujua lipi ni maelezo na lipi ni programu. Dawa ni kurudia mkwaju, \\, au katika Python kutanguliza r kabla ya alama ya kufungua, herufi inayosema: humu ndani mkwaju nyuma ni mkwaju nyuma tu.

Kila mlango na desturi yake

Kinachowachosha wanaoanza ni kwamba hakuna kinga moja ya kila mahali. Jina lilelile, Murang'a, linavaa tofauti kila linapokwenda. Kwenye SQL ni Murang''a. Ndani ya maandishi ya Python yaliyofunguliwa kwa alama moja (') ni Murang\'a. Kwenye HTML, lugha ya kurasa za wavuti, huandikwa Murang'a. Kwenye anwani ya wavuti ni Murang%27a. Kwenye JSON, muundo wa kubadilishana data, haihitaji kinga yoyote, na ukiiwekea \' umekosea, kwa sababu JSON haiitambui kinga hiyo. Maandishi yake hufunguliwa kwa alama mbili (") peke yake. Kwenye ganda la Unix, yaani pale mtumiaji anapoandika amri, ndani ya alama moja hakuna kinga kabisa, kwa hiyo watu hufunga, huweka ritifaa iliyokingwa nje, kisha hufungua upya: 'Murang'\''a'. Inatisha kuitazama mara ya kwanza, lakini ukiisoma kipande kwa kipande ina mantiki yake.

Hata hifadhidata zenyewe hazikubaliani. MySQL kwa kawaida yake huuheshimu mkwaju nyuma ndani ya maandishi. PostgreSQL, tangu toleo la 9.1 la mwaka 2011, kwa kawaida yake haiutambui hapo kama kinga. Kinga uliyoiandika kwa mkono kwa ajili ya moja inaweza kuwa tundu kwenye nyingine.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kila mara ni hili: maandishi haya yanakwenda kusomwa na nani sasa hivi? Msomaji huyo ndiye anayeamua kinga. Na wakati mwingine wasomaji ni wawili, mmoja nyuma ya mwingine. Ukitaka kutafuta mkwaju nyuma mmoja kwa kutumia ruwaza za utafutaji ndani ya Java, utaandika "\\\\", mara nne. Java inasoma minne inabaki miwili. Injini ya ruwaza inasoma miwili unabaki mmoja. Kila msomaji anavua tabaka lake.

Hapa ndipo ugonjwa wa kinga mara mbili unapoingia. Nimewahi kushika cheti cha semina, karatasi nzuri nzito yenye mhuri, kimeandikwa kwa hati ya kupendeza: "wa Murang\'a". Mtu aliikinga ritifaa ilipoingia kwenye mfumo, kisha ikahifadhiwa pamoja na kinga yake, na ilipotoka hakuna aliyejua kwamba ule mkwaju haukuwa sehemu ya jina. Kwenye kurasa za wavuti dalili yake ni &#39; mahali palipotakiwa kijialama: & ya kinga ya kwanza imekingwa na kinga ya pili.

Lugha ya PHP iliupalilia ugonjwa huu kwa miaka mingi. Ilikuwa na mpangilio ulioongeza mikwaju nyuma kwenye kila kitu kilichotoka kwenye fomu, kwa nia njema ya kuwalinda wasiojua. Matokeo yake programu nyingi zikawa hazijui kama maandishi zilizoyapokea yamekingwa au la, zikakinga tena au zikavua kisichovaliwa. Mpangilio huo uliondolewa kabisa katika toleo la 5.4, mwaka 2012. Kosa lake lilikuwa kukinga wakati wa kuingia, wakati ambapo haijulikani bado maandishi yatakwenda wapi: kwenye SQL, kwenye barua pepe, au kwenye karatasi ya cheti. Hifadhi jina kama mwenyewe alivyoliandika. Likinge linapotoka, kwa desturi ya mlango linalotokea, mara moja tu.

Jambo dogo la ufundi kabla ya kuendelea. Wanaoandika kinga zao wenyewe kwa kubadilisha herufi moja baada ya nyingine hukosea mpangilio. Katika HTML, ukianza kwa kugeuza < kuwa < halafu ndipo ugeuze & kuwa &, umeikinga kinga yako mwenyewe. Alama ya kinga ndiyo ya kwanza kukingwa. Na katika kuvua, usibadilishe kwa awamu kabisa. Pita mara moja kutoka kushoto kwenda kulia kama yule mtoto wa imla. Ukikuta \\n, mkwaju wa kwanza unaukinga wa pili, na n ni n tu. Anayetafuta "\n" kila mahali kwanza atauona mkwaju wa pili na n, na kuweka mstari mpya usiokuwepo.

Herufi inapogeuka silaha

Mpaka hapa nimesema kana kwamba hasara ni usumbufu. Kuna hasara kubwa zaidi. Ritifaa ya Murang'a ilivunja amri kwa bahati mbaya. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuivunja kwa makusudi, kisha akaandika amri yake mwenyewe kwenye nafasi iliyofunguka. Mahali pa jina anaandika ' OR '1'='1 na sharti lililokuwa linamchuja mtu mmoja linakuwa kweli kwa watu wote. Mbinu hii ilielezwa hadharani Desemba 1998 na Jeff Forristal, aliyeandika kwa jina la rain.forest.puppy, katika toleo la 54 la Phrack, jarida la wadukuzi. Zaidi ya robo karne baadaye bado mifumo inaangushwa nayo.

Kwa SQL, dawa ya kweli ni kuacha kukinga na kutenganisha. Amri inatumwa ikiwa na nafasi wazi, mara nyingi alama ya kuuliza: WHERE kaunti = ?. Jina linatumwa kando. Hifadhidata inakuwa imeshaielewa amri kabla jina halijafika, kwa hiyo hakuna kilichomo ndani ya jina kinachoweza kuwa amri. Ni kama mwalimu aliyegawa karatasi zenye nukta na koma zimekwisha pigwa, akawaachia watoto mapengo ya kujaza: hata wakijaza neno "nukta" mara kumi, litabaki kuwa neno. Kila hifadhidata kubwa ina njia hii, na sioni sababu halali ya kutoitumia.

Chini ya maandishi kuna baiti

Maandishi ni wazo. Kinachosafiri na kuhifadhiwa ni baiti, namba kati ya 0 na 255. Python 3, iliyotoka Desemba 2008, ilivitenga viwili hivi kwa ukali, na wengi walilalamika, lakini naamini ilifanya vyema. Ritifaa iliyonyooka ni baiti moja, 27 kwa mfumo wa kumi na sita. Ile iliyopinda, ’, ambayo simu na programu za uandishi hupenda kuiweka badala yake bila kukuuliza, ni U+2019 katika Unicode, orodha ya herufi za dunia, na katika UTF-8, njia ya kuziandika herufi hizo kwa baiti, ni baiti tatu: E2 80 99. Kwa hiyo Murang'a ni herufi 8 na baiti 8, bali Murang’a ni herufi 8 na baiti 10. Python ikikuonyesha baiti hizo itaandika:

b'Murang\xe2\x80\x99a'

Wengi huichukulia \xe2 hiyo kama uharibifu. Hakuna kilichoharibika. Python imezikinga baiti zisizo na umbo la ASCII ili jicho lako lizione. Ndani yake hakuna mkwaju wala x. Uharibifu unaanza pale mtu anapoyachukua maandishi hayo ya kuonyesha, pamoja na b yake na alama zake, na kuyaweka kwenye hifadhidata kama jina. Kilichotakiwa ni kuzifasiri baiti kwa UTF-8. Na anayezifasiri kwa jedwali lisilo lake, tuseme lile la zamani la Windows la Ulaya Magharibi, atapata Murangâ€™a, kila baiti imekuwa herufi yake. Hiyo haiponi kwa kinga. Imetafsiriwa kwa lugha isiyo yake.

Mpaka kati ya baiti na herufi ukisahauliwa, kinga yenyewe inaweza kugeuzwa. Katika GBK, jedwali la Kichina, herufi nyingi ni baiti mbili, na ya pili inaweza kuwa 5C, ambayo katika ASCII ni mkwaju nyuma. Mshambuliaji anatuma baiti mbili, BF na 27. Programu inayokinga baiti kwa baiti inaona 27, ritifaa, na kwa uaminifu inaitangulizia mkwaju: BF 5C 27. Hifadhidata inayosoma kwa GBK inaona BF 5C kama herufi moja halali ya Kichina. Mkwaju umemezwa, na ritifaa imebaki uchi. Wajapani waliteseka na jambo linalofanana katika Shift JIS, ambamo herufi ya kawaida kabisa kama ソ huishia na 5C.

Ndiyo maana ninaiheshimu sana UTF-8. Ken Thompson na Rob Pike waliibuni Septemba 1992, kwenye mgahawa wa New Jersey, juu ya karatasi ya kutandikia sahani, na moja ya ahadi zake ni hii: baiti za ASCII, 00 hadi 7F, hazitokei kamwe ndani ya herufi nyingine. Ukiona 5C ni mkwaju nyuma, ukiona 27 ni ritifaa iliyonyooka, hakuna utata.

Kwenye waya

Mashine nazo zinapozungumza kwa waya zinahitaji nukta zao. Baiti zinatiririka, pakiti inaishia wapi? Itifaki ya SLIP, ambayo maelezo yake yaliandikwa mwaka 1988, ilijibu kwa unyenyekevu: baiti 192 ndiyo mwisho wa pakiti. Ikitokea 192 ndani ya data, tuma 219 kisha 220. Ikitokea 219 yenyewe, tuma 219 kisha 221. Basi. Tazama kwamba SLIP hairudii alama yake kama SQL. Inaibadilisha kwa nyingine, na faida yake ni kubwa: 192 haionekani kwenye waya isipokuwa inapomaanisha mwisho. Mpokeaji akipoteza mwelekeo kwa kelele za simu, anasubiri 192 inayofuata na kuanza upya. Itifaki ya PPP iliyofuata ilitumia wazo lilelile.

Gharama yake ni kwamba data iliyojaa 192 tupu itakuwa mara mbili. Stuart Cheshire na Mary Baker wa Stanford waliliona hilo, na mwaka 1997 wakaleta COBS, ambayo alama yake ya mwisho ni sifuri, na ambayo badala ya kukinga kila sifuri huandika umbali wa kufikia sifuri inayofuata, na kwa njia hiyo haiongezi zaidi ya baiti moja kwa kila 254. Wanaounganisha vihisi vya maji au vya umeme kwa waya hadi leo huitumia.

Barua pepe ina yake, ya tangu 1982: mstari wenye nukta peke yake ndio mwisho wa barua. Mstari wako ukianza na nukta, programu inaongeza nyingine, na upande wa pili unaiondoa. Nukta ya imla kabisa.

Lakini mfano ninaotaka wasomaji wetu waushike ni wa meseji za simu. Ujumbe mfupi una baiti 140. Jedwali la GSM, la herufi za simu za mkononi, hutumia biti 7 kwa herufi, ndipo tunapata herufi 160. Jedwali hilo halina mabano ya mraba, mabano ya mawimbi wala mkwaju nyuma. Hizo hutumwa zikitanguliwa na ESC, kwa hiyo kila moja huhesabiwa mbili. Ritifaa iliyonyooka imo. Iliyopinda haimo kabisa, hata kwa ESC, na ikiwepo moja tu ujumbe mzima huhamia kwenye mfumo wa baiti mbili kwa kila herufi: herufi 70, au 67 kwa kila kipande ukigawanywa. Tangazo la wafugaji lenye herufi 150 kuhusu chanjo ya ng'ombe, likiandikwa kwenye programu inayopindisha ritifaa, litatoka kama ng’ombe, na litalipiwa meseji tatu badala ya moja. Zidisha kwa wafugaji elfu kumi. Hapa kugeuza ’ kuwa ' kabla ya kutuma ni sawa, maana jina halibadiliki, na fedha ya chama inaokolewa.

Ukitaka kuupima mfumo wako leo, ingiza mstari huu kwenye kila fomu uliyo nayo, kama jina, kama anwani, kama maoni:

Ng'ang'a & "Lang'ata" <b>50%</b> \n

Uhifadhi, ufungue kwenye ukurasa, uupakue kwenye faili la jedwali la CSV, uutume kwa barua pepe, uuchapishe. Kila unapotokea uwe na herufi 35 zilezile, kusiwe na iliyokolezwa wino wala mstari uliokatika. Kisha pindisha ritifaa moja, uanze upya: herufi bado ni 35, baiti zimekuwa 37.